Mguu wa Wegesa

Asubuhi ile Magesa alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, kama siku zote. Mkewe Wegesa akakaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki, akapandisha mguu wa kulia juu ya mapaja ya mumewe. Jua lilikuwa limeshavuka mabati ya jirani. Magesa akaugeuzia mguu ule kwenye mwanga, akautazama unyayo, kisha akapitisha kidole kati ya vidole vyake, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba asiotaka kuupata.

"Funga macho," akasema.

"Nimeshafunga."

"Unachungulia."

"Nichungulie nini? Uso wako naujua miaka yote, hauna jipya."

Akamgusa kidole cha mwisho, kwa wepesi wa unyoya.

"Nimegusa wapi?"

"Hujagusa."

Alikuwa amegusa. Ndivyo ilivyokuwa siku hizi. Kisukari kilikuwa kimemla mishipa. Vidole vingine alivisikia bado, vingine vilikuwa vimeshamtoka, vikabaki vyake kwa kutazamwa tu. Kwa hiyo Magesa alitazama.

Boniphace, jirani yao, akachomoza kichwa juu ya ua wa minyaa.

"Fundi viatu! Umeamkia kazini?"

"Njoo na wewe upange foleni," Wegesa akamjibu. "Miguu yako tunaisikiaga harufu mpaka huku."

"Mimi mke wangu hajanilisha limbwata, mama. Hata siku moja hatanipigisha magoti."

"Hajakulisha limbwata, hajakulisha na ugali. Mnavyogombanaga hapo, mtaa mzima unajua!"

Boniphace akacheka, akazama nyuma ya ua wake. Magesa akahamia mguu wa kushoto, akaumaliza, akaufuta kwa kitambaa.

"Safi," akasema.

"Safi," Wegesa akaitikia, kama walivyofundishwa.

Wakanywa uji wa ulezi usio na sukari, wakala na furu wa kukaushwa waliobaki jana. Kisha Wegesa akavaa viatu vyake vya kufunika vidole, akajifunga kanga, akaondoka kwenda Iringo kwenye mazoezi ya ngoma. Pale kwenye ua akageuka.

"Usile hao samaki wote, Baba Elias."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Magesa kuushika mguu ule ukiwa mzima.

Wegesa alikuwa mtoto wa Butiama, wa nyumba ya watu wa ng'ombe. Alipoolewa alishuka Musoma mjini, akakuta mume wake ni fundi wa kujenga kwa mawe, mtu wa maneno machache. Yeye akawa na maneno ya wote wawili. Alinunua dagaa mwaloni alfajiri mitumbwi ilipoegesha, akawaanika juu ya majabali ya ziwani, akawageuza kwa ufagio huku akiimba, na jioni akauza. Watoto walisoma kwa dagaa wale. Mtu akimpunja alimsema hadharani, na kesho yake akamwita wale pamoja. Hakuweza kuvumilia mtu mwenye kununa. Magesa hakuwa mwenye kununa, alikuwa kimya tu, na Wegesa aliijua tofauti.

Kisukari kilimwanza kwa kiu. Akawa anamaliza ndoo ya maji, na asubuhi anaamka na kiu ileile. Bangili zikaanza kumdondoka mkononi. Ndugu wa Butiama wakasema ametupiwa jicho, wakaleta mizizi, akainywa mizizi. Mpaka siku alipoanguka mwaloni katikati ya matenga, ndipo hospitali wakampima na kumwambia jina la ugonjwa wake.

Dawa akazizoea. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni miguu. Siku moja alirudi kutoka sokoni akipiga soga kama kawaida, akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Magesa akaona damu sakafuni. Akaifuata kama mtu anayefuata mbuzi aliyejeruhiwa, ikamfikisha kwa mkewe, na msumari ulikuwa umepenya kandambili umeingia mguuni. Wegesa alikuwa akimenya mihogo. Hakuwa na habari.

Msumari ule ndio uliowafikisha kwa daktari Prudence Machage.

Daktari Prudence alikuwa binti wa Bunda, wa wakulima wa pamba. Baba yake alikatwa mguu kwa kisukari, akafa. Alipohitimu udaktari akarudi mkoani Mara, na pale kliniki ya sukari akaona jambo lilelile likijirudia: watu wanakuja nyama imeshageuka nyeusi. Siku ya kwanza aliyokutana na wagonjwa wa mitaa ya Kigera na Kamunyonge, hakuwauliza habari za vidonge. Aliwauliza, "Nani anautazama unyayo wako?"

Watu wakatazama viatu vyao. Nani anautazama unyayo wa mtu mzima? Mwenyewe tumbo linamzuia, macho yameingia ukungu, na mguu hauumi, hauna cha kumwambia.

Basi utafiti wake ukawa ndio huo. Kila mgonjwa alete mtu mmoja wa nyumbani kwake. Mtu yule afundishwe kutazama na kugusa, kila asubuhi, na mwisho aseme neno moja kati ya mawili: "Safi," au "Kuna kitu." Akisema kuna kitu, siku hiyohiyo mgonjwa yuko kliniki. Wanawake waliburuta waume zao. Waume waliona haya, kwa maana mwanamume wa huku kupiga magoti mbele ya mkewe na kumshika mguu ni kujitafutia jina. Wakapewa jina kweli, mtaa mzima ukawaita mafundi viatu. Magesa alikwenda kwa sababu Wegesa alisema, "Utakuja." Akaenda.

Mvua zikapita, na nyingine zikapita. Zamani kila masika mtu mmoja wa kliniki ile alikuwa anarudi kwake na magongo. Sasa hakuna aliyekatwa mguu. Daktari Prudence akaandika, maandishi yakasomwa Dar es Salaam, yakasomwa na ng'ambo.

Siku moja aliwaita wote kwenye ukumbi wa kanisa pale Iringo. Alikuwa na uso wa mtu aliyejifungua salama.

"Mama zangu, baba zangu," akasema, "utafiti wetu umepewa tuzo."

Vigelegele vilipotulia akawaeleza. Tuzo ile italetwa Musoma na wafadhili wenyewe. Wanataka kuwaona watu kwa macho. Wakiridhika, watatoa fedha ili kazi hii ifike Bunda, na baada ya Bunda, Butiama.

Wegesa alisikia neno hilo la mwisho tu. Butiama kulikuwa na mdogo wake, Agness. Agness naye alikuwa na sukari, mjane, watoto wamekwenda kutafuta maisha, na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Palepale ukumbini Wegesa akatoa simu kifuani, akampigia kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Agness! Wanakuja kwenu! Nimesema wanakuja!"

Wankyo, rafiki yake wa kikundi cha wagonjwa wa kliniki, mpiga ngoma, akainua mkono. "Daktari, na hao wageni wakimkuta mmoja wetu ana kidonda?"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, furaha ilikuwa imemjaa. "Jamani, msije mkaniangusha tu!"

Alisema kwa utani. Magesa, aliyekuwa amekaa nyuma na wanaume wenzake, alimwona mkewe akiacha kucheka kabla ya wengine.

Ikapangwa kwamba wageni wapokewe kwa ngoma, na Wegesa ndiye aongoze. Sasa, kikundi kile kilikuwa na sheria isiyovunjwa: mgonjwa wa sukari hatembei peku, hata chumbani kwake. Lakini siku ile ya mazoezi, walipojipanga kwenye uwanja wa saruji nje ya ukumbi, Wankyo aliwatazama miguuni akaguna.

"Ngoma ya kwetu na viatu? Tutaonekana bata."

Na kweli, njuga walizofunga miguuni hulia kwa unyayo kugonga chini. Viatu vinameza mlio. Wakabishana kidogo, wakasema ni siku hizi chache tu. Wakavua, wakavipanga viatu ukutani kivulini. Jua lilikuwa la utosi. Wale wenye kusikia miguu yao walirukaruka, wakapiga kelele, wakakimbilia kivulini. Waliobaki uwanjani ni wale wasiosikia kitu. Wakaendelea kucheza juu ya saruji ile, na wenzao kivulini wakawapigia makofi kwa uhodari wao. Wegesa alicheza kuliko wote.

Haya Magesa aliyajua baadaye, Wankyo alipomsimulia huku amejishika kichwa. Siku yenyewe aliona mkewe karudi jioni akiimba, akala, akalala.

Kesho yake asubuhi Magesa alitoka na kigoda. Wegesa alikuwa ameshaamka, ameshafagia, na miguuni amevaa soksi nene alizoletewa na mtoto wao Elias kutoka Arusha.

"Nimeshajitazama," akasema.

"Kwa macho gani?"

"Kwa kioo. Leo mpe fundi viatu likizo."

Magesa akabaki amekaa, mikono juu ya mapaja. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Na iliyofuata. Boniphace akachungulia uani.

"Fundi, umefukuzwa kazi?"

Boniphace akatazama huyu, akatazama yule, akashusha kichwa chake polepole.

Wegesa hakuchechemea. Hilo ndilo lililomtisha Magesa baadaye kila alipokumbuka. Mguu unaouma husema, ule wake ulikwenda sokoni, ukarudi, ukapanda majabali, kama mguu wa mtu mzima wa afya. Lakini mengine aliyaona. Ndoo ya maji ilikuwa inakauka tena kama zamani. Wegesa alilala mguu umeviringishwa kwenye kanga na joto lote lile. Nzi wakubwa wa kijani, ambao kwa kawaida walikaa kwenye matumbo ya samaki, walikuwa wakiacha samaki na kumfuata yeye miguuni. Na nyumba ilikuwa kimya. Mwanamke ambaye hakuwahi kunyamaza alikuwa anajibu neno moja, na katikati ya neno anatazama mlangoni.

"Mama Elias, nionyeshe," Magesa alimwambia.

"Nikuonyeshe nini?"

"Unajua."

"Wageni wakiondoka utatazama mpaka uchoke. Miguu haiendi mahali."

Mchana wa siku moja kabla ya tuzo, usingizi ulimchukua Wegesa akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso unang'aa kwa homa. Nzi alitua kwenye soksi ya kulia. Magesa akamfukuza, akarudi. Akamfukuza tena, akarudi palepale. Magesa akapiga magoti, akaanza kuishusha soksi.

Soksi haikutaka kutoka. Ilikuwa imeshikamana. Ilipoachia, harufu ilimpanda puani, harufu aliyowahi kuisikia wodini kwa wengine. Ngozi ya unyayo ilikuwa imebanduka kama ukoko wa ugali, na chini yake, karibu na vidole, palikuwa na weusi. Ulikuwa umeshaanza kupanda.

Wegesa alifumbua macho.

"Rudisha soksi, Baba Elias."

"Simama. Twende hospitali."

"Keshokutwa."

"Sasa hivi."

"Wageni ni kesho. Nikienda leo daktari ataandika, si ndiyo kazi yake? Akishaandika, watasoma. Watasema kazi ya huyu mtoto ni uongo. Wataondoka na tuzo yao, na Butiama hawafiki."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe alisema tusimwangushe."

"Alikuwa anatania."

"Alikuwa anaomba. Wewe ulikuwa nyuma, hukumwona macho." Akavuta pumzi. "Mimi nina wewe. Agness ana nani?"

Magesa akavaa shati, akachukua bodaboda mpaka Kamunyonge, nyumbani kwa daktari. Mlango ulikuwa na kufuli. Mpangaji wa pembeni akamwambia daktari amekwenda Mwanza kuwapokea wageni, atarudi nao kesho. Simu yake ilikuwa haipatikani. Ujumbe Magesa hakujua kuandika. Akarudi na bodaboda ileile nyumbani Kigera akiwa na mpango mmoja tu, ambebe mkewe mgongoni akitaka asitake.

Nyumba ilikuwa tupu. Boniphace akasema mama kaondoka na begi, kaenda kulala Iringo kwa Wankyo na wacheza ngoma wenzake.

Magesa akaenda Iringo. Ndani ya ua kulikuwa na nyimbo na vicheko. Wankyo akafungua geti kidogo, akajaza mwanya ule kwa mwili wake.

"Shemeji, leo wanaume marufuku! Wegesa kasema mmegombana, kasema ukija tusikufungulie."

"Mguu wake umeoza, Wankyo."

Wankyo akaacha kucheka. Akaingia ndani. Nyimbo zikakatika, kisha zikaanza tena, na Wankyo akarudi akijifuta jasho.

"Umenitisha bure, mwanamume wewe! Kaninyooshea mguu mbele ya watu wote. Safi kama wa mtoto."

"Mguu upi?"

Geti lilikuwa limeshafungwa. Aligonga. Wakazidisha ngoma.

Siku ya tuzo uwanja wa ukumbi ulikuwa na maturubai na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Magesa alifika mapema, wakamketisha safu ya tatu na kumpa maji ya chupa. Wageni walikuwa watatu, wazungu wawili na mama mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akiwatafsiria. Daktari Prudence alivaa kitenge kipya. Alikuwa mbali, amezungukwa na wakubwa. Magesa alinyanyuka kumfuata, kijana mwenye beji akamshika bega kwa heshima: "Kaa tu mzee wangu, utaitwa."

Ngoma ikaingia. Wanawake walikuwa peku, njuga miguuni. Wegesa mbele. Yeye peke yake alikuwa ameviringisha vitambaa vyekundu kuanzia chini ya magoti mpaka juu ya vidole, na watu wakadhani ni pambo la kiongozi. Alicheza. Mama wa watoto watano, bibi wa wajukuu, mgonjwa wa homa, alicheza mpaka wageni wakasimama. Yule mzungu wa kike alichutama kabisa chini ili ampate vizuri kwenye picha. Uwanja ulilia vigelegele.

Magesa hakutazama juu. Alitazama saruji. Kila mguu wa kulia ulipogonga, uliacha alama ya unyevunyevu. Jua lililamba alama ile, na mguu ukaweka nyingine mbele yake. Alama zile zilikuwa zinamfuata mkewe uwanja mzima na hakuna mwingine aliyeziona.

Tuzo ikatolewa, ngao ya kioo yenye jina la daktari. Daktari akaishika kwa mikono miwili, akalia, akasema machache. Ndipo mama mtafsiri akasimama: wageni wanaomba waonyeshwe lile jambo lenyewe la asubuhi, lile lililoleta tuzo hii. Baba na mama mmoja waje mbele.

"Mzee Magesa na mama Wegesa!" kikundi kizima kikaitikia. "Fundi viatu! Fundi viatu!"

Wakawekewa kiti na kigoda katikati. Wegesa akaketi, na kabla hajaulizwa akapandisha mguu wa kushoto. Magesa akafungua kitambaa, akautazama, akagusa vidole. Wegesa akafumba macho, akajibu, akakosea kimoja, watu wakamshangilia hata kwa hicho. Makofi yakapigwa. Wegesa akaanza kunyanyuka.

Mzungu wa kike akauliza kitu. Mama mtafsiri akatabasamu. "Anauliza, na mguu mwingine?"

"Mwambie ni uleule," Wegesa akasema kwa sauti, "ni mapacha, wamezaliwa siku moja!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzungu naye akacheka alipotafsiriwa. Magesa hakucheka. Alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, mikono miwili ameinyoosha mbele, viganja juu. Akangoja.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Mikono ilikuwa palepale.

Wegesa akainama karibu naye. Akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Elias azaliwe.

"Magesa. Usinifanyie hivi."

Wegesa akatazama watu, akamtazama daktari, akaketi. Akapandisha mguu wa kulia.

Magesa akakifungua kitambaa chekundu, mzunguko baada ya mzunguko. Waliokuwa safu ya mbele waliisikia harufu kabla hawajaona. Mwanamke mmoja akaweka kanga puani. Magesa akaushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, akatazama unyayo kama alivyofundishwa, akatazama kati ya vidole. Weusi ulikuwa umeshavuka vidole, umepanda mgongo wa mguu. Yalikuwepo maneno mawili tu ya kuchagua.

"Kuna kitu," akasema.

Hapakuwa na kipaza sauti na kila mtu alisikia.

Daktari Prudence akaiweka ngao mezani. Akaja, akapiga magoti na kitenge chake kwenye ile saruji, akatazama. Hakugeuka kuwatazama wageni hata mara moja.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mazoezi. Nisamehe mwanangu. Nimekuharibia."

"Leteni gari," daktari akasema. Kisha akapiga ukelele ambao hakuna aliyejua kwamba anao: "Leteni gari!"

Wakampakia kwenye gari lilelile lililowaleta wageni. Wageni wakabaki wamesimama. Mama mtafsiri alikuwa ameweka mkono mdomoni, hakuna aliyewatafsiria.

Musoma wakatoa rufaa, wakampeleka Mwanza. Walikata kwenye kifundo. Wakarudi wakakata juu ya goti. Sumu ilikuwa imetangulia. Magesa alikaa nje ya wodi kwenye mkeka, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama. Agness alikuja kutoka Butiama na kikapu cha viazi ambavyo mgonjwa hakuweza kula.

Daktari Prudence alikuja pia, amevaa nguo ya kazi, amekonda.

"Wameondoka na tuzo?" Wegesa akamuuliza. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Wameiacha, mama."

"Na Butiama?"

Daktari akamvutia shuka. "Nimewaandikia kila kitu kilivyokuwa. Bado wanafikiria."

Wegesa akafumba macho, wakadhani amelala.

Walimzika Kigera, penye nyumba yake. Boniphace alichimba kaburi na vijana, na hakumtania mtu. Kikundi cha kliniki kilikuja chote na viatu vyao, wakaimba wamesimama mbali na jua. Wankyo hakupiga ngoma. Siku zile za msiba wanawake walikaa chini kwenye mikeka, viatu wameviacha mlangoni, na Magesa, mwenye mazoea yake, alijikuta anatazama nyayo zilizonyooshwa. Alitafuta za Agness. Agness alikuwa amekunja miguu chini ya kanga.

Aliponyanyuka kwenda kuchota maji, Magesa alimfuata.

"Agness. Nionyeshe mguu."

Agness alirudi nyuma hatua, akavuta kanga mpaka chini. "Haifai, shemeji. Watu wataonaje?"

"Nionyeshe."

"Miguu yangu mizima," Agness akasema. Akachukua ndoo, akaondoka. Hakuchechemea.

Mpaka sasa wafadhili hawajajibu. Daktari Prudence yuko kliniki kila siku, na ile ngao ya kioo hajaitoa kwenye sanduku lake. Bunda wanasubiri, Butiama wanasubiri. Agness hapokei simu ya shemeji yake.

Kule Mwanza, siku ile walipodhani amelala, Wegesa alifumbua macho tena. Magesa alikuwa amesimama upande wa kichwani na aliyasikia maneno yote. Wegesa alimshika daktari mkono, akasema:

"Mwanangu, siku ukifika Butiama usiwaonyeshe ile picha yangu nikicheza. Waonyeshe mguu."